Vayoleti imekubali chini ya jiwe

Leo asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini nimehesabu maua 19 kwenye mche mmoja wa vayoleti, na bado kuna matumba yanachungulia katikati ya majani, nikaita watu wa nyumbani waje waone, mwanangu wa mwisho kaja na mswaki mdomoni. Mche wenyewe uko kwenye kopo la mtindi, chini ya jiwe, uani kwetu hapa Mabatini, Mwanza. Nimekuwa naahidi kuandika hii habari tangu mwaka jana maana kila nikiweka picha yake status watu wananiuliza umeitoa wapi, unaifanyaje mpaka inajaa maua hivyo, mi zangu zinakufa. Na mi zangu zilikufa jamani. Tatu. Kwahiyo leo naandika yote ninayoyajua na mtaniwia radhi nikirefusha.

Kwa asiyeijua, ni lile ua fupi la mezani, majani yake manene yana manyoyamanyoya ukiyagusa ni kama sikio la mwanambuzi, yanajitandaza kuzunguka kama sahani, alafu maua yanasimama katikati, ya zambarau au pinki au meupe, kila moja lina kidoa cha njano kati. Wauza maua wa hapa mjini wengi wanaita afrikani vayoleti, wengine wanasema tu vayoleti. Sio ua la msimu mmoja ukalitupa, likitunzwa linaishi miaka na miaka na likipata linachotaka linatoa maua karibu mwaka mzima.

Ya kwanza niliinunua kwa kijana anayepanga vyungu vyake pembeni ya barabara. Wakati ule nilikua nimepanga Kirumba, sebule ina dirisha zuri linaangalia ziwa, upande wa magharibi, nikaona hapo ndo mahali pake, ua zuri dirisha zuri. Sasa mnalijua jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili likipiga ziwani, linakuja la juu na linakuja jingine la kutoka kwenye maji. Wiki ya kwanza majani yakapauka, yakawa kama yamefuliwa na sabuni kali, wiki ya pili kingo zikawa kahawia na kukauka. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji. Ikafa.

Ya pili nikaiweka ndani mbali na dirisha, mezani, na yule kijana alikua ameniambia mwagilia kila siku dada, linapenda maji. Kwetu tumelelewa hivyo pia, mama yetu alikua akirudi shamba jioni anamwagia maua yake yote ndoo nzima, maua ni maji. Basi nikamwagia kila siku. Baada ya mwezi majani yakalegea, yakalala juu ya mdomo wa chungu, nikasema kiu tena, nikaongeza. Siku moja nimelishika jani likabaki mkononi, nikaangalia katikati pale majani yanapotokea kumeoza, kumekua kweusi na laini kama ndizi iliyopigwa. Hili ndo jambo la kwanza nataka mtu alishike, vayoleti yenye maji mengi inalegea SAWASAWA na yenye kiu, kwa macho huwezi kutofautisha, kwa sababu mizizi ikioza haiwezi tena kupeleka maji juu, kwahiyo mmea unasimama ndani ya matope na bado unakauka. Usiangalie majani ukakimbilia kopo. Tia kidole kwenye udongo kwanza. Ukiwa na unyevu na majani yamelala, ujue tatizo ni maji kuzidi.

Ya tatu siisemi sana, ilikufa kwa yote mawili.

Nikaacha. Karibu miaka miwili sikugusa hilo ua. Alafu tukaenda Tanga kwenye harusi ya upande wa mume wangu, harusi ikaisha Jumapili, Jumatatu shemeji akasema twendeni Amani, kwenye milima ya Usambara, mkapumzike na baridi. Kutoka Muheza mnapanda mlima, kona baada ya kona, miti inazidi kuwa mirefu na hewa inabadilika, mpaka unafunga vioo. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na bustani yake ya mimea ilianzishwa na Wajerumani 1902, kuna miti ya mabara mengi pale. Tukatembea na muongozaji mmoja kijana mpole sana, tukashuka kwenye kijito, giza la kijani hivi, mchana saa sita lakini unaona kama jioni. Akanionyesha jiwe. Jiwe kubwa limesimama pembeni ya maji, lina ukoka, sio ule wa nyasi za bustani, ni ule mfupi wa kijani laini unaoota kwenye mawe yenye unyevu, na juu ya ule ukoka, ukutani kabisa, kwenye nyufa, zimeshika vayoleti. Ndogo, majani yamelala bapa kwenye jiwe, na maua ya zambarau matatu hapa, mawili pale.

Nilimuuliza nani kazipanda. Akasema hamna mtu amepanda mama, hapa ndo kwao.

Nilisimama pale mpaka shemeji akarudi kunitafuta. Yaani lile ua nililolinunua mara tatu nikidhani limetoka Ulaya kumbe ni la Tanga. Na nikaangalia vizuri linavyoishi. Udongo hamna, kuna vumbi la majani yaliyooza limejikusanya kwenye ufa, kiganja kimoja hakijai. Jua halifiki, kuna mwanga tu unaochujwa na miti. Maji yanapita juu ya jiwe, yanalowesha, yanashuka, hayatuami hata kidogo, lakini hewa yenyewe ina unyevu muda wote. Na hakuna linalosimama wima kama kwenye chungu, mengi yamelala ubavu, kwahiyo mvua ikinyesha tone halikai katikati ya majani. Kila kitu nilichokua nalifanyia nyumbani kilikua kinyume. Nililipa udongo mwingi, jua kali, maji yaliyotuama.

Nilivyorudi nikasoma habari yake yote niliyoweza kuipata. Mwaka 1892 kulikua na Mjerumani mmoja ofisa wa serikali ya kikoloni Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndo aliona haya maua huko Usambara akapeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba naye akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover, na 1893 Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia ionantha, yaani jina la ukoo wao likakaa kwenye ua letu, na hilo neno la pili maana yake lenye maua kama vayoleti. Lakini sio vayoleti kweli, vayoleti wa Ulaya ni ukoo mwingine kabisa, zimefanana rangi tu. Siku hizi wataalamu wameihamisha tena, wanaihesabu ndani ya kundi la Streptocarpus, ila watu wa maua duniani wameng'ang'ania jina la zamani. Miaka ya 1920 kampuni moja ya Los Angeles, Armacost & Royston, ikaotesha mbegu kutoka Ulaya, ikachagua miche 10 iliyo bora ikaanza kuuza, na kutokana na hiyo zimezalishwa aina maelfu, zenye maua yaliyorundikana kama waridi, zenye kingo nyeupe, zenye majani ya mabaka. Wamarekani wana chama cha hili ua peke yake tangu 1946. Na asili yake ni Tanzania, na kipande kidogo cha Kenya upande wa pwani na Taita, basi. Hakuna pengine duniani linapoota lenyewe. Mi nimesoma shule Tanzania darasa la kwanza mpaka chuo na sijawahi kuambiwa hili, na linaniuma, kwa sababu mtoto wa Mwanza angejua hili ua la mezani ni la kwao angelitazama tofauti.

Muongozaji alituambia msitu wa hifadhi huchumi hata jani na sikuchuma. Lakini mwenyeji wetu mmoja pale Tanga mjini, mama mtu mzima, alikua nazo barazani kwake kwenye makopo ya rangi, hizi za kununua, zilizochanganywa, akanikatia majani matano. Matano tu. Nikayafunga kwenye tishu yenye unyevu kidogo, nikaweka kwenye kontena la chakula, nikapanda nalo basi. Tulilala Singida njiani, asubuhi nikafungua kuyaangalia, mazima. Tumeshuka Nyegezi jioni yakiwa bado mazima.

Sasa hapa kwetu. Tulikua tumeshahamia Mabatini na wanaoijua Mabatini wanajua, nyumba zimeshikilia mlima, mawe kila mahali, mengine makubwa kuliko nyumba. Uani kwangu kuna jiwe limeegemea jingine, chini pamebaki kama pango dogo, watoto walikua wanajificha hapo, na siku narudi kutoka Tanga nikainama kuangalia ndani nikaona ule ukoka wa kijani ukutani, na ferni ndogo za porini, zile zenye majani kama manyoya ya kuku. Nilikua nimeishi nalo mwaka mzima bila kuliangalia. Jiwe la Mwanza likipigwa na jua mchana linabeba joto mpaka usiku, ukiligusa saa mbili usiku bado vuguvugu, ila ule upande wa chini ambao jua halijawahi kufika ni baridi muda wote, ukiweka shavu unahisi. Nikasema kama kuna mahali Mwanza panafanana na kile kijito cha Amani basi ni hapa.

Ila hazikwenda chini ya jiwe moja kwa moja, nilianzia dirishani na huko nikajifunza kitu ambacho sijaona mtu akikiandika kwa ajili yetu wa huku. Vitabu vya Wazungu vinasema weka dirisha la mashariki au kaskazini. Hiyo ni kwao. Sisi tuko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, kwahiyo jua linahama kutoka upande mmoja wa nyumba kwenda mwingine. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka mwezi wa tisa linapita kaskazini, alafu kuanzia mwezi wa kumi mpaka mapema mwezi wa tatu linapita kusini. Dirisha langu la kusini lilikua zuri kabisa mwezi wa sita, mwanga mwingi na jua hata kidogo, nikatulia, mwezi wa kumi na moja ghafla naona majani yamebabuka, kumbe jua limehamia huko na mimi sijahamisha kitu. Kwahiyo ukiwa Mwanza, Musoma, Bukoba, kumbuka kubadilishana madirisha mara mbili kwa mwaka, au tumia dirisha la mashariki lenye jua la asubuhi tu mpaka kama saa tatu, au fanya kama mimi chini ya paa au jiwe. Njia rahisi ya kupima mwanga, weka mkono juu ya majani. Ukiona kivuli cha mkono kimekatika vikali, mwanga ni mkali sana. Ukiona kivuli hafifu chenye kingo za ukungu, hapo ndo penyewe. Usipoona kivuli chochote ni giza, itaishi lakini maua hutaona, na majani yatarefuka shingo yakitafuta mwanga.

Faida tuliyo nayo ni kwamba mchana wetu ni kama masaa 12 mwaka mzima. Wenzetu wa Ulaya inabidi wawashie taa majira ya baridi, sisi tunalipata bure. Na joto la Mwanza linalifaa, linapenda kati ya nyuzi 18 na 26 hivi, kwetu usiku hapashuki sana na mchana chini ya jiwe hapapandi sana. Tunapopungukiwa ni unyevu wa hewa. Amani wanapata mvua karibu mara mbili yetu kwa mwaka, na huku kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa ni vumbi tu. Miezi hiyo naweka makopo juu ya sinia lenye kokoto na maji, maji yasifike chini ya kopo, yawe yanavukiza tu taratibu kuzunguka majani.

Udongo. Hapa ndo watu wengi wanaharibu kwa sababu wanachimba ule mweusi mzito wa bondeni, mbuga, wanaona una rutuba. Ule ni mzuri kwa mpunga. Vayoleti inataka udongo ambao ukiubana mkononi ukauachia unasambaratika. Nimejaribu michanganyiko mingi na uliokubali ni huu, mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa sehemu moja, pumba za mpunga zilizochomwa mpaka zikawa nyeusi (zisiwe majivu) sehemu moja, na chenga za mkaa zilizopondwa na mchanga mkubwa wa mtoni vikichanganywa sehemu moja. Pumba huku hazina shida, mashine za kukoboa zinazitupa marundo. Ukipata makumbi ya nazi kutoka Dar weka badala ya nusu ya mboji, ni mazuri zaidi, lakini sio lazima. Mchanga wa ziwani uoshe kwanza kama utautumia. Na kabla ya kupandia namwagia mchanganyiko wote maji yanayochemka, naufunika, naacha upoe mpaka kesho, inasaidia kuua mayai ya vile viinzi vidogo vyeusi.

Chungu kiwe KIDOGO. Mizizi yake ni mifupi na haiendi chini, kumbuka kile kiganja cha vumbi kwenye ufa. Ukipima mche wako majani kwa majani ukapata sentimita 24, kopo la sentimita 8 linatosha. Ukiipa ndoo udongo wa pembeni ambao mizizi haijafika unakaa na maji siku nyingi na uozo unaanzia hapo. Mi natumia makopo ya mtindi ya nusu lita, nayatoboa matundu matano chini kwa msumari wa moto.

Na maji sasa. Simwagii kwa juu kabisa. Natumia utambi, kama wa jiko la mafuta ya taa. Unachukua uzi, unaupitisha kwenye tundu la chini ya kopo, ncha moja inazunguka ndani ya udongo, nyingine inaning'inia kwenye chombo cha maji kilichoko chini, kopo limekaa juu ya mfuniko uliotobolewa. Uzi unanyonya kidogokidogo, mmea unachukua unachohitaji. Mwanzo nilitumia pamba, huku ni nchi ya pamba jamani, kila nyumba imewahi kuuza pamba, nikaona nitumie cha kwetu, ila pamba ikikaa kwenye maji wiki chache inaoza na kukatika, mmea unakauka maji yakiwepo hapohapo chini. Kinachofaa ni uzi wa nailoni au ule wa kufumia masweta usio wa pamba. Mi nimeomba mabaki ya kamba laini za nyavu pale Mwaloni, soko la samaki, zile zilizosukwa nyuzi nyingi, zinanyonya vizuri sana na hazina mwisho. Kabla hujaziweka ziloweshe na uhakikishe udongo nao umelowa, utambi mkavu haunyonyi. Na kama hutaki mambo ya utambi, weka kopo kwenye sahani ya maji dakika 20 au 30, udongo wa juu ukishaonekana umelowa toa, mwaga yaliyobaki. Usirudie mpaka juu pakauke.

Maji ya bomba nayaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha, kwanza ile dawa ipungue, pili yafanane na joto la nyumba. Maji ya baridi yakiangukia jani la vayoleti yanaacha alama, miviringo ya njano au nyeupe ambayo haitoki tena, watu wanadhani ni ugonjwa na wanapulizia madawa. Hamna ugonjwa. Ni tofauti ya joto kati ya maji na jani. Wakati wa mvua nakinga ya batini, hiyo ndo inayoipenda zaidi, majani yanang'aa yenyewe.

Yale majani matano ya Tanga, manne yaliota. Namna yake ni hii, unachagua jani la mzunguko wa kati, la nje kabisa limezeeka na la katikati bado changa. Unakata kikonyo kwa wembe msafi, unabakiza kama sentimita 3, ukate kwa mshazari ule mkato uangalie juu. Unalisimamisha kwenye udongo uleule mwepesi ulio na unyevu, kikonyo kiingie sentimita moja na nusu tu, unafunika na chupa ya maji iliyokatwa, unaweka kivulini penye mwanga. Alafu unasahau. Hapa ndo nilipata taabu kwa sababu kila siku nilikua nataka kuchimbua nione. Wiki ya tatu mpaka ya nne ukilivuta kidogo linang'ang'ania, hiyo ni mizizi. Mwezi wa pili au wa tatu ndo vinatokea vijani vidogo kama masikio ya panya chini ya mama yao, vingi, jani moja linaweza kukupa miche mitatu, minne, hata zaidi. Vikifika kama ukubwa wa shilingi mia unavitenganisha kila kimoja kopo lake. Kuanzia siku ya kukata jani mpaka ua la kwanza, langu la mwanzo lilichukua miezi tisa. Nililisubiri kama mtoto.

Ila aina zile zenye mistari kwenye maua, kama kinyota hivi, kwa jani hazitoki zilivyo, watoto wanakuja na rangi moja tu, usije ukamlaumu aliyekupa.

Mbolea kidogo sana. Natumia ile ya unga inayoyeyuka kwenye maji, 20:20:20 (yaani virutubisho vitatu vikuu kwa kiasi sawa), duka lolote la pembejeo ipo, robo kijiko cha chai kwa lita 4, na hayo ndo maji ya utambi, kila wiki ya nne naweka maji matupu na kumwagia kwa juu pembeni taratibu ili chumvi zilizojikusanya zishuke. Usiweke yurea. Jirani yangu aliweka yurea ya mahindi na majani yakawa makubwa ya kijani kweli, maua hakuna, alafu mizizi ikaungua. Na ondoa vitoto vinavyoota pembeni ya shina kama unataka maua mengi, mche mmoja kichwa kimoja. Maua yaliyonyauka yatoe, majani ya chini yaliyochakaa yavunje kwa pembeni. Shina likishakua na shingo ndefu kama mpapai, ng'oa mche, punguza chini ya mizizi, uzamishe mpaka shingo ifunikwe, utaanza upya. Hiyo nafanya mara moja kwa mwaka, mvua za vuli zikianza.

Wadudu. Wale weupe kama vifundo vya pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani, nawatoa na pamba ya masikio niliyochovya kwenye spiriti, mmoja mmoja, alafu mche naupeleka mbali na wenzake wiki tatu. Wadudu wa ziwani wale wanaokuja kama moshi hawali mmea ila wakifia juu ya majani wananasa kwenye yale manyoya na kuoza, na huwezi kupangusa kwa kitambaa kibichi, nimenunua brashi laini ya rangi ndo nafagilia, pamoja na vumbi la kiangazi. Mijusi ya mawe, ile dume yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, inapita juu ya makopo kila siku na haijawahi kuharibu kitu. Pimbi ndo wamenitia hasara. Walishuka kutoka juu ya mlima kiangazi cha mwaka juzi wakala miche 6 usiku mmoja, wakaacha vikonyo. Sasa mdomo wa pango nimefunga wavu wa waya wa kufugia kuku.

Bibi mmoja jirani, Msukuma, kila asubuhi akipita ananisalimia mwangaluka mayu, siku moja akasimama kwenye wavu akauliza mbona haya maua unayaficha kwenye jiwe, maua yanawekwa mbele wageni wayaone. Nikamweleza kwao ni kwenye jiwe, huko Tanga, milimani. Akaangalia kidogo, akasema basi yamepata jiwe jingine. Wiki iliyofuata alikuja kuomba jani, na sasa anazo mbili dirishani.

Neno moja kuhusu zile za porini na nalisema kwa moyo wote. Zipo aina zinazoota kwenye mlima mmoja tu, na kadhaa ziko hatarini kuisha kabisa. Na haihitaji mtu kuzing'oa. Ukikata ule mti mkubwa ulioziwekea kivuli, jua linashuka mpaka kwenye jiwe, ukoka unakauka, na wao wanaungua pale walipo kama yangu ilivyoungua Kirumba, tofauti ni kwamba hakuna muuzaji wa kwenda kununua nyingine. Kwahiyo ukienda Usambara au Uluguru au Nguru ukaziona, piga picha. Majani ya kupanda tunayo huku, na mimi ninayo.

Mwezi uliopita nimefanya jaribio nililokua naliogopa, nimechukua mche mmoja nikautoa kwenye kopo, nikausukuma kwenye ufa wa lile jiwe, ukutani, umelala ubavu na kiganja cha mboji na ukoka kuzunguka mizizi. Bila chungu. Nanyunyizia ukuta kwa juu asubuhi na jioni ili maji yateremke. Ni aina ya dukani na huku hakuna za porini za kuchanganyika nazo, ndo maana nimethubutu, Amani nisingefanya. Wiki mbili za kwanza ulilegea nikasema nimeua ya nne. Juzi nimemulika na tochi ya simu nikaona jani jipya katikati, dogo, limejikunja, na mizizi myeupe mitatu imeshashika kwenye jiwe.